Kufumua au Kubadili: Historia ya Injini ya Trekta Kuukuu

Mwaka 1959 kampuni ya Massey Ferguson ilikubali kwamba injini ya trekta lake imeshindwa. Trekta lenyewe, aina ya 35, lililoundwa katika kiwanda cha Banner Lane mjini Coventry, Uingereza, lilipendwa karibu kwa kila kitu: lilikuwa jepesi, lilinyanyua plau kwa haidroliki, liligeuka kwa urahisi kwenye shamba finyu. Lakini injini yake ya dizeli yenye silinda nne, iliyoitwa 23C na kutengenezwa na kampuni ya Standard, ilikuwa ngumu kuwaka, hasa asubuhi za baridi. Malalamiko yakazidi. Badala ya kuendelea kuitia viraka, Massey Ferguson iliiacha kabisa na kuweka mahali pake injini ya Perkins yenye silinda tatu, A3.152. Mwaka huohuo ikainunua na kampuni ya Perkins yenyewe.

Uamuzi wa namna hiyo hufanywa kila mwaka nchini Tanzania, Kiteto, Mbarali, Babati na Kilombero, kabla mvua hazijaanza. Trekta linatoa moshi wa bluu. Linakula oili. Bomba la kupumulia linafuka mvuke ambao zamani haukuwapo, na likipanda mlima na plau linaishiwa nguvu. Mwenye trekta anamgeukia fundi: tuifumue injini hii, au tutafute nyingine?

Wengi hudhani hilo ni swali la fedha tu. Historia ya matrekta nchini Tanzania inaonyesha vingine. Tangu enzi ya Tanganyika, kilichoamua hatima ya injini kuukuu mara nyingi hakikuwa bei wala hali ya chuma chenyewe, bali mambo mawili: kipuri kiko umbali gani, na mtu wa kukifunga vizuri anapatikana wapi.

Kampuni ya Perkins ilizaliwa ndani ya swali hilohilo. Frank Perkins na mhandisi Charles Chapman waliianzisha Peterborough mwaka 1932, wakati injini nyingi za dizeli zilikuwa nzito na za mwendo wa polepole, zikifaa zaidi melini na viwandani. Wao walitaka dizeli ndogo yenye kasi, itakayoingia kwenye lori ambalo mtu tayari analo. Biashara yao ya mwanzo ndiyo hiyo: ng'oa injini ya petroli, funga ya dizeli. Baada ya Vita Kuu ya Pili, injini yao ya silinda sita, P6, ilifungwa katika trekta la Fordson Major. Na ile ya silinda tatu, P3, ikauzwa pamoja na vifaa vya kuifungia kwa wenye Ferguson ndogo ya kijivu, TE20, ambayo kati ya mwaka 1946 na 1956 iliundwa kwa idadi inayozidi nusu milioni. Mkulima aliyechoshwa na gharama ya petroli hakulazimika kuuza trekta lake. Alilibadilishia injini, akarudi shambani.

Hata hivyo, injini ya trekta haibadilishwi kama ya lori. Lori lina chesisi. Injini imekaa juu yake na ukiitoa lori linabaki limesimama. Henry Ford alipotoa Fordson yake mwaka 1917, alieneza mtindo mwingine: bloku ya injini, giaboksi na ekseli ya nyuma vilifungwa pamoja kwa boliti, vikawa ndivyo mwili wa trekta. Hakukuwa na chesisi chini. Ekseli ya mbele ilining'inia kwenye injini yenyewe. Ferguson na Massey Ferguson zilifuata njia hiyo, na ndiyo maana fundi anayetaka kutoa injini ya trekta la Massey Ferguson 135 (MF 135) hulazimika kulikata vipande viwili, kila upande ukishikiliwa na jeki na magogo.

Wanaotaka kufunga injini ya lori la Kijapani kwenye trekta kuukuu hukwama hapo. Sampu ya MF 135, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, ni ya chuma kizito cha kusubu, kwa sababu inabeba uzito wa mbele. Sampu ya lori ni bati lililokunjwa. Ukiifunga bila kutengeneza fremu ya kubeba mzigo, bloku itapasuka au trekta litavunjika kiunoni. Na hata fremu ikipatikana, bado kuna gavana. Pampu ya dizeli ya trekta ina gavana inayoshika mzunguko uleule plau inapozama kwenye udongo mzito na inapochomoka. Pampu ya gari imezoea mguu wa dereva kuongeza na kupunguza mafuta. Injini inaweza kuwa na nguvu za farasi za kutosha na bado ikashindwa kulima mstari mmoja bila kuyumba.

Somo kubwa la kwanza la injini kuukuu nchini lilitolewa Kongwa, na lilitolewa kwa gharama kubwa.

Wazo la Mpango wa Karanga liliibuliwa mwaka 1946 na Frank Samuel wa United Africa Company. Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya vita. Timu iliyoongozwa na John Wakefield ilizunguka Tanganyika kwa wiki chache, ikapendekeza zaidi ya ekari milioni tatu zisafishwe kwa ajili ya karanga, kwa makisio ya pauni milioni 25 hivi. Kazi ilianza mwaka 1947 kabla mitambo haijawa tayari, maana viwanda vya Ulaya na Marekani vilikuwa vimeelemewa na maombi. Wasimamizi wakanunua walichokipata: matrekta na mabuldoza ya mabaki ya vita, mengine yakitoka mbali hadi Ufilipino. Vickers-Armstrongs, watengenezaji wa silaha, walichukua vifaru vya Sherman wakavigeuza kuwa matrekta yaliyoitwa Shervick.

Mitambo iliyofika Kongwa ilikuwa ya aina nyingi mno, na mingi ilikuwa imechoka kabla haijang'oa kisiki hata kimoja. Udongo wa pale una mchanga mkali unaokwangua chuma, na kiangazi unakuwa mgumu ajabu. Vumbi lake liliingia kila palipokuwa na upenyo. Kabla mwaka wa kwanza haujaisha, sehemu kubwa ya matrekta ilikuwa imesimama ikisubiri vipuri. Karakana ilikuwapo, na mafundi walikuwapo, lakini injini ya Marekani, ya Canada na ya kifaru haziazimani pistoni. Mpango ulivunjwa mwaka 1951, hasara ikakaribia pauni milioni 36.

Vitabu vingi vinaueleza mkasa huo kwa kutaja mvua, aina ya udongo na haraka ya wanasiasa wa London. Hayo yote ni kweli. Lakini upande wa karakana unastahili kusisitizwa zaidi kuliko unavyosisitizwa, kwa sababu kosa hilo lilirudiwa mara nyingi baada ya karanga kusahaulika: kununua mashine bila kwanza kujua slivu (kuta za ndani za silinda) na beringi zake zitatoka wapi miaka mitano baadaye.

Kongwa iliacha pia kitu cha manufaa. Mamia ya Watanganyika walijifunza pale kuendesha trekta, kumwaga oili, kufungua nozeli, kupima. Mwaka 1951, mpango ulipokufa, ndipo shule ya ufundi ya Ifunda ilipofunguliwa mkoani Iringa, na baadaye ikafuata ya Moshi. Na si mbali na Ifunda, kwenye uwanda wa Ismani, wakulima Waafrika walikuwa wakifungua mashamba makubwa ya mahindi na kununua matrekta yao wenyewe, au kukodi ya jirani. Mkulima wa Ismani alikuwa mteja wa namna tofauti kabisa na serikali. Trekta lake likifa, hakuna ripoti ya kuandikwa Dar es Salaam wala London. Ni yeye na fundi, na deni la plau, na mvua inayokuja. Kufumua injini kukawa sehemu ya kilimo chake, sawa na kuchagua mbegu.

Enzi hiyo ilikoma kwa uchungu. Kampeni ya vijiji vya ujamaa iligusa mashamba hayo, na Desemba 25, 1971 mkuu wa mkoa wa Iringa, Dkt. Wilbert Kleruu, aliuawa na mkulima wa Ismani, Said Mwamwindi. Mwaka uliofuata chama tawala, TANU, kilitangaza mjini Iringa sera ya Siasa ni Kilimo, iliyoweka mkazo kwenye zana zilizo karibu na uwezo wa mkulima wa kawaida. Lakini mashamba makubwa ya umma nayo yalitaka mitambo. Hanang, Canada ilisaidia mashamba ya ngano ya shirika la umma la NAFCO yaliyoanza Basotu na kufikia saba, kwenye ardhi ambayo Wabarabaig walikuwa wakichungia. Mashine zilitoka Canada, na vipuri vilevile. Msaada ulipokuwapo injini zilibadilishwa kwa ratiba. Ulipopungua, kila mashine iliyosimama ikawa ghala la vipuri vya nyingine.

Kisha ikaja miaka ambayo mafundi wa zamani wanaikumbuka kuliko yote. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta kupanda, na mgogoro na Shirika la Fedha la Kimataifa viliiacha nchi bila fedha za kigeni. Injini mpya haikuwa suala la bei tena, haikuwapo. Hata seti ya ringi ilihitaji kibali, na kibali kilihitaji dola ambazo Benki Kuu haikuwa nazo.

Hapo jibu la swali la kufumua au kubadili likawa moja tu, na ufundi ukalazimika kukua. Kranki iliyolika ilijazwa kwa kulehemu na kuchongwa upya. Pistoni ya injini moja ilipimwa ikaonekana inaingia kwenye nyingine baada ya kupunguzwa kidogo. Trekta moja liliuawa ili matatu yapone. Serikali nayo ilijaribu kuzalisha vipuri nchini: karakana iliyojengwa na Wachina Mang'ula wakati wa ujenzi wa reli ya TAZARA iligeuzwa kuwa kiwanda cha zana na vipuri, Wabulgaria wakasaidia kujenga Kilimanjaro Machine Tools wilayani Hai, na SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoundwa mwaka 1973, likasambaza karakana ndogo mikoani. Kibaha kukaunganishwa matrekta ya Valmet kutoka Finland. Viwanda hivyo vingi havikufikia malengo yake. Lakini waliopita ndani yake walitoka wakijua kusoma maikromita, na ujuzi huo haukufungwa pamoja na milango ya viwanda.

Mwandishi wa historia ya uchumi wa miaka ile huandika foleni za sukari na sabuni, na ana haki. Ila kuna mahindi yaliyolimwa miaka ile kwa injini ambazo vitabu vya kiwanda vilisema hazitengenezeki, na waliozitengeneza hawatajwi popote. Huo ulikuwa uhandisi, hata kama ulifanywa chini ya mwembe.

Mwaka 1984 bajeti iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa zilikotoka. Mwaka 1986, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa yalifungua milango zaidi. Vipuri vikarudi Kariakoo na Gerezani, Dar es Salaam. Baada yake yakaja matrekta ya mtumba kutoka Uingereza, mengi yakiwa Massey Ferguson zilezile, na injini zilizotumika zikiwa zimefungwa kwenye mbao. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, kubadili injini nzima kulikuwa jambo ambalo mkulima wa kawaida angeweza kulifikiria.

Lakini injini ya mtumba inanunuliwa kwa macho na masikio. Imesafishwa, imepakwa rangi, na hakuna anayejua imetembea saa ngapi wala ilikufa kwa sababu gani. Mnunuzi mwenye busara huidai iwashwe na kuachwa ichemke, kwa sababu presha ya oili hudanganya injini ikiwa baridi. Wengi walioepuka gharama ya kufumua injini wanayoijua walijikuta, msimu mmoja baadaye, wakifumua injini wasiyoijua.

Injini ile ya Perkins ya 1959 ndiyo iliyofaidika zaidi na mabadiliko hayo. Mwishoni mwa 1964 MF 135 ilitoka na toleo lililoboreshwa, AD3.152, ambamo dizeli inapulizwa moja kwa moja kwenye chumba cha kuunguzia na injini inawaka kwa urahisi. Ujazo wake ni lita 2.5, silinda ina kipenyo cha milimita 91.4 na pistoni husafiri milimita 127. Injini za jamii hiyo zilitengenezwa kwa leseni na Simpson mjini Chennai, India, na Rakovica karibu na Belgrade, Yugoslavia, na nchini Pakistan zikaendelea kufungwa kwenye MF 240 ya kiwanda cha Millat cha Lahore. Kwa hiyo mkulima wa Babati mwenye trekta lililoundwa Coventry miaka ya 1970 anaweza kufunga pistoni ya India na gasketi ya Pakistan, akalima. Hakuna ubora wa chuma unaoweza kushinda faida hiyo. Kuna injini zilizokuwa imara kuliko hii ambazo leo ni chuma chakavu kwa kukosa slivu tu.

Jibu la fundi mzuri huanza na vipimo, wala hakubali kusema neno kabla ya kushusha sampu na kufungua kichwa. Kranki hupimwa kwanza. Ikilika huchongwa na kupewa beringi nene zaidi, kwa saizi zinazojulikana kama 010, 020 na 030, yaani sehemu za elfu za inchi. Hiyo ya mwisho ni kama robo tatu ya milimita. Fundi akisema, "Mzee, kranki hii imeshafika 030," mwenye trekta anaelewa kwamba fumua iliyopita, au aliyemuuzia, alishatumia nafasi ya mwisho. Bloku huchunguzwa kama ina ufa. Kisha slivu. Zile za Ferguson TE20 na za Valmet ni za maji, yaani maji ya radieta yanazigusa moja kwa moja. Hutolewa na kuingizwa kwa kifaa rahisi hata kijijini, pete zake za kuzuia maji zikibadilishwa. Za Perkins ya silinda tatu ni kavu, zimebana ndani ya bloku, na mara nyingi kazi yake inahitaji presi na karakana ya kuchonga. Tofauti hiyo ndogo huamua kama trekta litatengenezewa shambani au bloku itapakiwa kwenye basi kwenda mjini.

Anatafuta pia chanzo. Mara nyingi ni vumbi. Chujio la hewa la matrekta hayo lina bakuli la oili linalonasa mchanga, nalo linatakiwa kusafishwa kila siku wakati wa kulima ardhi kavu. Oili ikiachwa mpaka igeuke tope, mchanga unapita moja kwa moja hadi kwenye ringi. Injini iliyofumuliwa kwa fedha nyingi na kurudishiwa chujio lilelile na dereva yuleyule haimalizi misimu miwili.

Ikiwa bloku ni nzima, kranki bado ina saizi ya kuchongwa, na vipuri vipo, kufumua ni bora, na hili lisemwe waziwazi kwa sababu wauzaji wa matrekta mapya wanasema kinyume kwa sauti kubwa. Mwenye trekta anabaki na injini ambayo historia yake anaijua, na namba yake ni ileile iliyo kwenye kadi. Bloku ikipasuka, au kranki ikikatika na kuvunja sehemu ya bloku inayoishikilia, kung'ang'ania ni kupoteza fedha: itafutwe injini kamili ya aina ileile, itakayopokea giaboksi na sampu bila kuchongewa kitu.

Mwaka 2009 serikali ilitangaza Kilimo Kwanza, wakati takwimu zilizotajwa sana zikisema asilimia 70 ya eneo lililolimwa lililimwa kwa jembe la mkono, 20 kwa maksai na 10 tu kwa trekta. SUMA JKT, tawi la uzalishaji la Jeshi la Kujenga Taifa, ikaleta zaidi ya matrekta 1,800 kwa mkopo wa dola milioni 40 kutoka India, yakiwemo Farmtrac na New Holland. Baadaye Shirika la Maendeleo ya Taifa likaingia mkataba na Ursus ya Poland kuunganisha matrekta Kibaha, kampuni ambayo muda si mrefu iliingia katika matatizo makubwa ya fedha kwao. Mwenye Ursus akabaki na swali la Kongwa la 1947: ringi zitatoka wapi?

Matrekta hayo sasa yanafikia umri wa kufumuliwa. Mashine za kuchonga kranki na bloku zimejazana katika miji mikubwa, mbali na mashamba yenyewe, na Oktoba foleni yake huwa ndefu kiasi kwamba wengine hununua injini ya mtumba kwa kuogopa kukosa mvua tu, ilhali yao ingepona. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, inafundisha ufundi wa magari karibu kila mkoa. Mpango ujao wa matrekta ungefaa utenge sehemu ya fedha zake kwa mashine ya kuchonga kranki Kibaigwa, nyingine Ubaruku, nyingine Ifakara, pamoja na vijana wa kuziendesha, kabla ya kuagiza trekta la kwanza.